Mzigo wa Siku ya Tufani

Msomaji mpenzi, ukijaliwa siku moja kusafiri hata ukafika katika visiwa vya kusini mwa Bangladesh, kwenye Ghuba ya Bengal, na ukawasili huko katika mwezi wa Aprili au wa Oktoba, yamkini utamwona mama mwenye nyumba akichimba shimo uani kwake. Usidhani kuwa anaficha mali ya haramu. Anazika chungu. Ndani ya chungu hicho mna mchele uliopondwa hata ukawa bapa, ndugu yake pepeta ya pwani yetu, pamoja na donge la sukari guru, kiberiti na mishumaa. Mdomo wa chungu umezibwa kwa plastiki na kufungwa kwa kamba, kisha udongo hushindiliwa juu yake. Nyumba yaweza kuchukuliwa na maji, na miti yaweza kung'oka, lakini kilichozikwa ardhini aghalabu husalia. Na mwenyewe akirudi hukifukua, akala yeye na wanawe mpaka msaada uwafikie.

Nimeona vema nikuelezee asili ya chungu hicho, maana hekima iliyomo ndani yake haikupatikana kwa siku moja, wala haikupatikana bure. Iligharimu roho za watu kwa malaki.

Bahari ya Hindi, ambayo ndiyo hii hii iogeshayo Lamu na Mombasa, hupanda kaskazini hata ikajibana katikati ya India na Myanmar, na umbo lake huko ni kama umbo la faneli: pana kusini, jembamba kaskazini, tena kina chake hupungua kadiri unavyokaribia nchi kavu. Tufani inapovuma kutoka kusini husukuma maji mbele yake, na maji yale, yakiwa hayana pa kwenda kando wala chini, huinuka. Mbele yake hakuna mlima wala jabali. Ardhi ya pale ni tope lililoletwa na mito mitatu mikubwa, Ganges, Brahmaputra na Meghna, na visiwa vyake vimeizidi bahari kwa kimo kidogo tu. Watu huuliza kwa dharau kwa nini wenyeji wasihame mahali pa hatari namna ile. Swali hilo ni la mtu aliye na shamba mahali pengine. Tope lile lina rutuba kubwa, mpunga hustawi, samaki ni wengi, na katika nchi yenye watu wengi na ardhi haba, anayepata eka moja kisiwani hawezi kuiacha kwa sababu ya tufani ambayo huenda isije katika maisha yake.

Sisi wa Kenya tuko karibu mno na Ikweta, na tufani za aina ile hazizaliwi Ikweta. Kwa kuwa ni mzunguko wa dunia unaoufanya upepo wake uzunguke kama pia, na nguvu hiyo pale Ikweta haina kazi. Hata hivyo jirani zetu wa Unguja walionjeshwa tarehe 15 Aprili 1872, ilipong'olewa mikarafuu isiyo na hesabu na kuvunjwa merikebu za Seyyid Barghash bandarini. Hapakuwa na mtu wa kuwaonya. Habari nitakayokusimulia ni tofauti na hiyo, na kwangu mimi inatisha zaidi, kwa sababu watu wake walionywa.

Ilikuwa mwaka 1970, na nchi ile ilikuwa bado inaitwa Pakistani ya Mashariki. Katika juma la pili la Novemba tufani ilizaliwa baharini, ikaonekana na setilaiti, ikatangazwa redioni. Wachunguzi waliopita baadaye wakiwauliza walionusurika waligundua kuwa karibu watu tisa katika kila kumi walikuwa wamepata habari ya tufani kabla haijafika. Lakini waliokwenda kujihifadhi katika majengo imara walikuwa kama mmoja katika kila mia.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 ilikuwa Ramadhani, mwezi ni mpevu, na bahari imejaa maji makuu, kama ijuavyo kila mtu wa pwani kuwa mwezi mpevu huleta bamvua. Mpunga ulikuwa tayari mashambani, na vibarua wengi walikuwa wametoka bara kuja kuvuna. Tufani ikaja juu ya bamvua. Maji yanayokadiriwa kufika kimo cha mita 10 katika sehemu nyingine yalipita juu ya visiwa gizani. Katika wilaya ya Tazumuddin, iliyokuwa na watu 167,000, walikufa watu zaidi ya 45 katika kila mia. Jumla ya waliokufa haikupata kujulikana kwa hakika; wenye kukadiria husema baina ya 300,000 na 500,000, na hapajatokea tufani nyingine iliyoua watu wengi kuliko hao.

Waganga waliotumwa huko waliona jambo wasilopata kuliona katika vitabu vyao. Wengi wa waliobaki hai walikuwa wamechubuka vifua, mikono na mapaja, nyama nje. Chanzo chake kilikuwa miti. Watu wale walikuwa wamekumbatia minazi na mitende usiku kucha, maji yakiwavuta na kuwasukuma juu ya magamba ya miti. Aliyekuwa na mikono yenye nguvu aliweza kujishika; asiyekuwa nayo alikwenda na maji. Ndiyo maana katika waliokufa zaidi ya nusu walikuwa watoto wasiotimiza miaka kumi, ingawa watoto wa umri huo walikuwa kama theluthi moja tu ya watu wote. Mzazi hawezi kukumbatia mti na watoto watatu kwa pamoja.

Basi, kwa nini hawakuondoka? Nimewasikia wengine wakijibu upesi kwamba ni ujinga, au ni kumwachia Mungu kila jambo. Mimi sikubaliani nao. Fikiri, msomaji, uwekwe katika nafasi ya mkulima mmoja wa kisiwa cha Bhola. Juma tatu tu zilizopita, tarehe 23 Oktoba, ulionywa kwa maneno makali kuwa tufani inakuja. Ikaja, na haikuwa na ukali ulioambiwa. Sasa mtu yule yule usiyemjua anasema tena redioni. Una ng'ombe wawili wa kulimia, na hao ndio benki yako. Ukiwaacha utarudi uwe kibarua wa mwenzako. Mpunga wako umeiva, na wezi wapo. Mke wako ana mtoto mchanga. Na hata ukiamua kuondoka, utakwenda wapi? Majengo ya saruji kisiwani yanahesabika kwa vidole. Mtu huyo si mjinga. Amefanya hesabu yake kwa tarakimu alizonazo, nayo imemdanganya.

Serikali ya wakati ule ilikuwa na makao yake mbali sana, upande wa magharibi wa India, na ilisemwa sana kwamba ilichelewa kuwasaidia watu. Hasira hiyo iliingia katika uchaguzi wa Desemba 1970, vikafuata vita, na mwisho wa mwaka 1971 Bangladesh ikawa nchi huru. Hayo yana vitabu vyake. Mimi nakurudisha visiwani.

Mwaka 1972 Shirikisho la vyama vya Msalaba Mwekundu duniani lilianzisha huko Mpango wa Kujitayarisha kwa Tufani, na mwaka uliofuata serikali mpya ikashika sehemu ya mzigo wake. Waanzilishi wake hawakuanza kwa kununua mitambo mikubwa. Walianza kwa kutafuta watu wa kujitolea katika kila kijiji, watu wenye kujulikana na jirani zao, wakawapa redio ndogo, kipaza sauti cha mkononi, king'ora cha kuzungushwa kwa mkono, kurunzi, viatu vya mpira na bendera. Bendera zilipandishwa mlingotini kwa kadiri ya hatari: ya kwanza huamsha watu, na zikifika tatu maana yake ni kuondoka mara moja. Kwa hiyo asiyejua kusoma, na asiye na redio, aliweza kusoma mlingoti. Tena zilijazwa tuta kubwa za udongo, zinazoitwa killa, ili ng'ombe wapate mahali pa kusimama maji yakija. Mimi huzipenda sana tuta hizo. Yule aliyezibuni alikuwa ameelewa kwamba huwezi kumwokoa mkulima ukamwachia ng'ombe wake wafe, atabaki nao.

Tazama pia tofauti ya sauti. Mtu wa redio husema na taifa. Kijana wa kujitolea hupita mlangoni kwako kwa baiskeli akakuita kwa jina la mwanao, nawe unajua kwamba naye ana mama na nyumba katika kijiji kile kile, na kwamba hawezi kukudanganya leo kisha akuombe moto kesho.

Ukisoma mpaka hapa utasema kazi imekwisha. La. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1991 tufani nyingine, yenye upepo wa kilomita kama 240 kwa saa, ilipiga upande wa Chittagong, na watu wapatao 138,000 wakafa. Safari hii bendera zilipandishwa, na ving'ora vililia. Wachunguzi walipokwenda baadaye walikuta jambo la wazi kabisa: katika watu waliowauliza habari, kila aliyefika katika jengo la matofali au saruji alipona, wasiofika, walikufa 22 katika kila mia. Makimbilio yalikuwa machache mno, na hilo lilijulikana. Lakini palikuwa na hesabu nyingine iliyowashangaza wengi. Katika watu wa umri wa miaka 20 hadi 44, wanaume walikufa 15 katika kila elfu, na wanawake 71.

Wanawake hao walikuwa na afya na nguvu kama waume zao. Wengi walikuwa wakimngoja mume arudi, kwa kuwa desturi haikumruhusu mke kutoka bila ya idhini yake. Wengine waliona haya kukaa katika chumba kimoja na wanaume wageni, usiku, pasipo choo cha wanawake. Sari ndefu iliyolowa hufunga miguu kama kamba. Nywele ndefu hushikwa na matawi. Na mwenye kubeba mtoto ana mkono mmoja tu wa kujishikia. Nisemapo kuitayarisha jamaa kwa siku ya tufani, watu hufikiri habari ya kamba, taa na chakula. Lakini katika nyumba zile kilichokosekana kilikuwa neno moja lililopaswa kusemwa mapema, wakati wa jua, mume akiwa amekaa anakula: ikipandishwa bendera ya tatu nami sipo, chukua watoto uende, usinisubiri.

Neno hilo sasa hufundishwa. Baada ya 1991 yalijengwa makimbilio mengi mapya, na mengi kati yake ni shule. Kama mwalimu nafurahi kukueleza jengo hilo lilivyo. Limesimama juu ya nguzo nene za saruji, chini ni wazi ili maji yapite bila ya kupigana nalo, na madarasa yako juu. Siku za kawaida watoto husoma humo. Siku ya tufani kijiji kizima hupanda ngazi ile ile ambayo watoto huipanda kila asubuhi. Kwa hiyo hata nyumba isiyopata kuona hatari ina mtoto anayejua njia. Katika makimbilio yaliyojengwa kwa busara pana chumba cha wanawake na choo chao, na siku hizi kati ya watu zaidi ya 70,000 wa kujitolea, nusu ni wanawake, ambao waweza kuingia uani na kusema na mama wa nyumba mahali ambapo kijana mwanamume angesimama mlangoni.

Sasa natua kwenye mzigo wenyewe. Watu wa huko hugawa vitu vyao mafungu mawili: vya kubeba na vya kuacha chini ya ardhi. Furushi la kubeba ni dogo, maana ngazi ni nyembamba na watu ni wengi. Hutiwa humo chakula kisichohitaji moto, yaani pepeta, bisi za mchele na sukari guru, maji ya kunywa katika chombo chenye kifuniko, dawa ya mgonjwa wa nyumbani, ikiwa yuko, nguo kavu ya mtoto, kurunzi, na hati ya shamba pamoja na vyeti, vimefungwa katika plastiki. Huenda ukaishangaa hati hiyo. Maji yakipungua mipaka yote huwa imefutika, mti uliokuwa alama umekwenda, na mwenye nguvu huanza kupima upya. Karatasi ile ndiyo itakayosema kwa niaba ya mjane.

Ya kuachwa ni chungu kile nilichokuanzia, na jiko dogo la udongo lihamishikalo, ambalo huwekwa mahali pa juu au hubebwa. Kisha pana kazi moja ambayo mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia. Kabla ya kuondoka, mwenye nyumba hufungua kichwa cha bomba la mkono la kisimani, akauziba mdomo wa mrija ulioingia ardhini kwa plastiki, akaukaza kwa kamba. Hufanya hivyo ili maji ya bahari yasiingie. Maji ya chumvi yakishuka ndani ya kisima, jamaa iliyonusurika na tufani hurudi nyumbani ikakutana na kiu, na kiu humpeleka mtu kunywa maji ya dimbwi lenye mizoga, na hapo kuhara huanza. Dakika chache za kuziba mrija huokoa majuma mengi ya maradhi.

Hapa kwetu hatuna tufani za jinsi ile, lakini maji tunayo. Mvua za masika ya mwaka 2024 ziliua watu zaidi ya mia mbili katika Kenya, na nyumba nyingi zilizochukuliwa zilikuwa za watu waliokwisha kuambiwa kuhama kando ya mito. Katika siku zile niliwaambia wanafunzi wangu kila mmoja aandike vitu vitano atakavyochukua ikiwa ataamshwa usiku na kuambiwa mto unapanda. Wengi waliandika simu. Wawili waliandika vyeti vya mtihani, nami niliwasifu. Hakuna hata mmoja aliyeandika maji ya kunywa. Walidhani maji yatakuwa mengi mno. Msichana mmoja aliandika kitu kimoja tu, nyanya yake, kisha akaniuliza ni nani atakayemshika upande wa pili, kwa kuwa yeye peke yake hamwezi. Nilimwambia aende akaliulize swali hilo nyumbani usiku ule ule.

Mwaka 2007, tarehe 15 Novemba, tufani iliyoitwa Sidr iliipiga Bangladesh kwa nguvu zisizopungua sana zile za 1991. Walikufa watu wapatao 3,400. Hesabu hiyo ni ya msiba, na si haki kuifurahia mbele ya waliofiwa. Lakini iweke kando ya 138,000, na kando ya malaki ya 1970, kisha ukumbuke kuwa bahari ilikuwa ile ile na visiwa ni vile vile.

Katika Mei ya mwaka 2020 ilikuja tufani ya Amphan, nao ulikuwa wakati wa ugonjwa wa korona, ambapo dunia nzima ilikuwa imekatazwa kusongamana. Viongozi wa Bangladesh walikuwa na shida mbili mkononi: kuwaacha watu nyumbani wachukuliwe na maji, au kuwajaza katika vyumba waambukizane. Walifungua majengo mengi zaidi kuliko kawaida, shule juu ya shule, ili watu wapate nafasi, na katika furushi la kubeba kikaongezwa kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Watu zaidi ya milioni mbili walihama kabla upepo haujafika, na waliokufa katika nchi ile walihesabiwa kwa makumi.

Ilikuwa Ramadhani tena, kama mwaka 1970, na zilisalia siku chache kabla ya Idi. Tufani ilifika nchi kavu jioni ya tarehe 20. Saa ile ya magharibi watu walikuwa madarasani, juu ya nguzo, wake kwa waume, na mafurushi yamewekwa ukutani. Wenye saumu wakafuturu humo, upepo ukipiga madirisha, na vyungu vikiwa chini ya ardhi vinangoja.